Jina Linaloishia na So

Kamba ya ngamia ilikuwa mikononi mwa watu wawili. Maano alishika upande mmoja, na muuzaji wa majina ya intaneti kutoka Nairobi alishika upande wa pili, katikati ya vumbi na kelele za soko la mifugo la Garissa.

Maziwa ya ngamia huyo ndiyo yaliyokuwa yakiwalisha watoto wake. Akimtoa, angepata jina la duka kwenye intaneti, jina linaloishia na nukta na herufi mbili za Somalia: so.

"Serikali ikirudi Mogadishu, mama, kila mfanyabiashara atalitaka. Utamuuzia kwa bei yako."

"Na isiporudi?"

"Itarudi. Kama si mwaka huu, mwakani."

"Hiyo maneno nasikia tangu serikali ilianguka tisini na moja, warya. Sasa hii jina, nani anachunga?"

"Liko kwenye kompyuta. Halili, haliugui."

Maano alicheka kidogo. Ni kweli, ukame mmoja ungeweza kummaliza ngamia. Kamba ilikuwa ngumu kote, ila ilikuwa imelainika pale mkono wake ulipozoea kuishika. Akailegeza.

"Nikikutafuta, wallahi, nitakupata wapi?"

"Mwambie mwalimu yeyote akuandikie barua pepe." Akamtajia anwani yake polepole, akamalizia, "nukta kom."

"Kom? Yako si so?"

Muuzaji alicheka. "Mimi? So nitaifanyia nini, mama?"

Maano akaanza kuizungusha kamba kiganjani mwake, taratibu, akiivuta upande wake.