Vikombe Viwili vya Chai

"Mara ya tatu wiki hii, Baba Nuru! Shafti ya boti ya yule mjane haiishi kuvuja?"

"Sili ya kuzuia maji imechakaa, Mama Nuru. Nikiikaza sana, shafti itaungua."

"Mbona boti za wanaume unazikaza mara moja zinatulia?"

Mumewe akacheka. Mama Nuru akampokonya spana, akaenda gatini mwenyewe, akajibana chini ya sakafu ya boti. Sili ilikuwa nzima. Nati zake ndizo zilizolegezwa, hata kidole kilizizungusha. Akazikaza mpaka likabaki tone moja moja la kupoza shafti, kama inavyotakiwa.

Alipoinua kichwa, mjane alikuwa amesimama juu yake na vikombe viwili vya chai, macho yakimtafuta fundi.

Mama Nuru akanyoosha mkono uliojaa grisi, akapokea kimoja.