Soksi ya Hakimu

Hakimu alisogeza miwani, akasoma karatasi iliyotundikwa ukutani kwenye fremu ya dhahabu, kisha akacheka.

"Hii ni leseni ya biashara. Hata muuza mkaa wa mtaani kwetu anayo. Mimi nauliza leseni ya kutibu watu."

Mwenye kliniki alijibu kwamba wateja wake huja kutafuta nafuu, si kukagua kuta. Bila hata kuinuka kitini alikuwa ameshaamua: kisigino kinataka mashine ya mawimbi, ile inayogongagonga nyama mpaka maumivu yaachie, na waanze leo hii.

Hakimu lilikuwa jina la nyumbani. Tangu utotoni hakuna aliyemshinda kwa maneno. Alitoka akichechemea, gauni lake refu likifagia sakafu. Mdogo wake, msusi, alimfuata akinung'unika. Saluni yao ilikuwa imefungwa tangu kisigino kilipoanza kusumbua, na wateja walishaanza kuhamia kwa jirani. Kisipopona upesi, hawangekuwa na saluni ya kurudia.

"Dada, chagua yoyote basi. Kisigino hakisubiri kesi zako."

"Kitasubiri."

Kliniki ya pili ilikuwa vioo vitupu na baridi ya kiyoyozi. Kijana mwenye koti jeupe aliwaambia mashine imetoka ng'ambo, kwa hiyo haina haja ya kusajiliwa hapa. Hakimu akauliza ni nani aliyemfundisha kuitumia.

"Mashine yenyewe inajua kazi yake, mama."

Msusi akatazama dari. Hakimu akapanda kitandani, akavua kiatu. Kijana akasema soksi ibaki tu, mawimbi yanapenya. Akapaka jeli juu yake, akashika kifaa kwa ncha za vidole, mashine ikaanza kugonga. Baada ya muda akauliza mgonjwa anajisikiaje. Hakimu akasema hasikii kitu.

"Safi. Ukiona ganzi, ujue unapona."

Hakimu akavaa kiatu. Akamwambia kijana kwamba halipi hata senti, na kwamba watakutana mbele ya baraza linalosajili wataalamu wa tiba ya viungo. Mlinzi akawasindikiza mpaka nje.

"Umetuaibisha," msusi alisema. Alikuwa ameshaketi ukingoni mwa barabara na kuvua viatu, kama alivyofanya kila waliposimama.

"Aibu haimkati mtu mguu," Hakimu alijibu. "Vaa, twende."

Kliniki iliyofuata ilikuwa juu ya duka la vitabu. Katikati ya ngazi Hakimu alisimama kuvuta pumzi, akaomba kimoyomoyo: Mungu wangu, nionyeshe mmoja tu anayeogopa kukosea.

Mtaalamu wa pale alikuwa mwanamke mnene aliyekunja mikono ya koti. Leseni yake ilikuwa na picha yake na namba. Msusi akapiga simu barazani. Wakamthibitisha kwa jina. Hakimu akauliza kuhusu mashine, na mwanamke akaigeuza bila kununa, akamwonyesha alama ya usajili mgongoni.

"Sasa zamu yangu, mama," alisema. Akauliza kama anatumia dawa za kuzuia damu isigande, kama ana mimba, kama amewekewa kifaa cha moyo.

"Nina haraka," Hakimu alimkatiza. "Washa mashine tu, piga juu ya soksi. Wenzako wanafanya hivyo."

Mwanamke akachomoa waya wa mashine ukutani.

"Siwashi kitu mpaka nikishike kisigino hicho kwa mikono yangu. Vua soksi. Hutaki, mlango ule pale."

Hakimu akatabasamu kwa mara ya kwanza siku hiyo. Akapandisha gauni mpaka gotini, akafungua mikanda, akauchomoa mguu wote wa bandia, na kiatu chake na soksi yake yenye jeli, akauweka mezani.

"Mgonjwa ni mdogo wangu huyu," alisema.