Figo ya Yeyote

Tangu itoke sindano ya protini inayoutuliza mwili usikatae kiungo cha mtu mwingine, figo ya yeyote humfaa yeyote. Hakuna tena daktari wa kusema, "Pole, hamlingani."

Zamani jumuiya ilipokuja kumwombea Fokasi, mume wa Skolastika, watu walikaa hadi barazani. Leo alikuja Mama Koleta peke yake, naye akasimama karibu na mlango.

"Wenzako wako wapi, shemeji?" Fokasi alitania kutoka kitandani. "Wanaficha figo?"

"Mvua, shemeji," alijibu, ingawa nje jua lilikuwa likiwaka.

Fokasi alicheka mpaka pumzi ikamwishia. Miguu yake ilikuwa imevimba tena. Bila figo, waliambiwa, hataiona Pasaka.

Skolastika alikuwa na figo mbili nzima. Kila siku alimwomba Mungu apatikane mtu. Hakuwahi kuomba mtu huyo awe yeye.

Mama Koleta aliomba harakaharaka: "Ee Bwana, mguse aliye karibu naye, ampe figo."

"Amina," alisema Fokasi.

Skolastika alifumbua kinywa aitikie, akamwona mumewe ameinua kichwa, anamtazama midomo.