Godoro la Marehemu

Siku hizi kila mjane huachiwa godoro lililojifunza joto na mikono ya marehemu mumewe, ili mwili wake usisahau raha. Bi Mwanakombo alipoolewa tena, akiwa na miaka sabini, hakuwa na moyo wa kulirudisha kiwandani. Aliacha tu kufukiza udi kitandani, maana harufu ile ndiyo iliyokuwa ikimwamsha marehemu ndani ya godoro.

Mchana mmoja mume mpya, Mzee Shaali, alijilaza akasema taratibu, "Mke wangu, hata udi sistahili?"

Akamwonea huruma. Akaleta chetezo, akasimama mlangoni, moshi ukatambaa hadi kitandani.

Mzee Shaali alifumba macho, akatabasamu. "Mkono wako una joto leo. Usiuondoe."

Bi Mwanakombo alikuwa bado mlangoni, amekishika chetezo kwa mikono miwili.