Bahari Bila Wimbi

Tarehe 2 Februari 1961, asubuhi. Upepo wa kaskazini ulikuwa ukivuma tangu jana, baridi na mkali, ukisukuma mchanga mpaka kwenye vizingiti vya milango. Bahari ya Veracruz ilikuwa na rangi ya maji yaliyooshewa vyungu.

Kwa mara ya tatu, Eleuterio Zamudio alikuwa akikwangua kwa kisu mawimbi aliyoyachora juu ya bati.

"Na hilo," alisema Fidencia, akinyoosha kidole. "Liondoe."

"Hili dogo, mama. Hata bata angelipita."

"Liondoe tu, mzee."

Akalikwangua mpaka bati likalia.

Kazi yake ilikuwa kuchora shukrani. Aliyeokoka homa, ng'ombe mkali au maji alimwendea, naye akauchora mkasa wake juu ya kipande cha bati, Bikira akiwa pembeni juu ya wingu. Siku ya Kandelaria, sikukuu ya Bikira kila Februari 2, mwenye picha aliipeleka altareni, akasimulia kwa kinywa chake yaliyompata, ndipo ikatundikwa ukutani. Ilikuwa mwiko mchoraji kumkatalia mtu nadhiri yake. Bila mwiko huo, mwanamke huyu asingekivuka kizingiti cha Eleuterio.

Mume wa Fidencia, Nabor, ndiye aliyerudi hai kutoka baharini. Watu walisimulia kwamba Novemba iliyopita, upepo wa kwanza wa kaskazini wa msimu ulipovuma, mashua yake ilipinduka nje ya mdomo wa mto. Nabor aliogelea mpaka pwani. Baharia wake, Gaudencio, hakuonekana tena. Gaudencio alikuwa mtoto wa pekee wa Eleuterio.

Siku hiyo Eleuterio alikuwa mbali, juu mtoni, akipaka rangi kanisa la kijiji kimoja. Aliporudi, upepo ulikuwa umeshatulia na mji mzima ulikuwa ukizungumzia muujiza wa Nabor. Tangu hapo sala yake ilikwama mahali pamoja, kwenye "mapenzi yako yatimizwe". Akifika hapo taya zilikaza, kinywa kikakataa.

Zamani aliipenda pwani hii kama mtu apendavyo mke mkorofi. Aliijua mvua ya Juni, inayoujaza mto magugu maji mpaka yanaelea baharini na maua yake. Aliujua mwanga wa Aprili, mweupe hata macho yakauma. Zaidi ya yote aliijua hali ya pwani kabla ya upepo wa kaskazini kuja: upepo wa kusini huvuma kwa joto, kisha hufa ghafla. Bahari hulala kama mafuta. Mbwa hukosa hata nguvu ya kubweka. Halafu mstari mweusi hutokea mbali, na minazi hugeuza vichwa vyote pamoja. Sasa majira yote yalimchukiza. Rangi ya samawati yenyewe aliiona kama tusi.

Na huyu alitaka bahari shwari.

"Mama, kaskazini haiko hivi," alisema. "Minazi inalala. Mbingu inakuwa na rangi ya risasi."

"Minazi isimamishe wima. Na jua liweke pale, chini, karibu na maji."

"Jua? Unataka watu waseme mwanangu alizama kwenye bakuli la supu?"

"Watu waseme watakalo. Wewe chora."

Alisema pia kwamba Nabor asiione picha hiyo kabla ya misa. Alipolisema hilo alitazama mlangoni, akajifunika shali. Eleuterio hakulijali hilo. Alikuwa akiona mpango wote: wimbi likiwa dogo, aliyezama ni mzembe, na mwenye mashua hana la kujibu. Kumbe Gaudencio alikuwa na kosa moja tu, ulimi. Jumapili ya mwisho alisema kilabuni, mbele ya watu, kwamba nahodha wake anaijua bahari kama kuku anavyojua kuogelea. Kilabu kizima kililia kwa kicheko, isipokuwa Nabor.

Alichora alivyoambiwa. Alimkabidhi Fidencia bati bila kumtazama usoni.

Kanisani watu walijaa, na upepo uliitikisa milango. Nabor alikaa benchi la mbele, kofia mpya magotini, akiwaitikia watu kwa kichwa kama bwana harusi. Eleuterio alisimama nyuma kabisa. Alikuwa ameshaamua: mwanamke akitamka neno muujiza, atakwenda mbele, atalichukua bati na kulikunja gotini mwake, padre akitazama.

Fidencia akaiinua picha. Watu wakanong'ona. Mmoja akauliza, kwa sauti ya kusikika, kama mawimbi yalimwishia Eleuterio dukani, na benchi zima likacheka. Nabor naye akatabasamu. Kisha akaitazama picha vizuri, tabasamu likakauka.

Eleuterio hakulingoja neno lile; alikuwa ameshafika katikati ya kanisa.

"Mama wa Kandelaria, sikuja kushukuru," alisema Fidencia. "Siku ile upepo ulikuja mchana, kila mtu hapa anakumbuka. Mume wangu aliingia nyumbani asubuhi, peke yake, bahari ikiwa hivi mnavyoiona. Nguo zake zilikuwa kavu. Alikaa jikoni akingoja mpaka upepo ulipovuma, ndipo akaenda pwani kujilowesha. Naahidi mbele yako, na mbele ya hawa wote, kwamba kesho nitayasema haya haya mbele ya hakimu."