Mwili Alioukataa Kiema

Wakesho alilamba chumvi kiganjani, akaishikilia meza hadi jiko likaacha kuzunguka. Ndivyo mwili unavyolipiza ukiunyima ugali: maji yanakutoka, chumvi inayafuata, kichwa kinagonga, na mdomo unanuka dawa ya kutolea rangi ya kucha. Alivumilia. Hasira ilimshibisha.

Kiema, mumewe, ndiye aliyemtia hasira hiyo. Kwenye harusi ya mpwa wake kule Miasenyi, mbele ya ukoo mzima, alitangaza kwamba amechoka kulala na gunia la mahindi. Ndugu zake wakacheka hadi wakashika mbavu. Wiki hiyohiyo akahamia kwa Mwende, msichana mwembamba wa duka la nguo. Wakesho akabaki Kaloleni na jina la gunia.

"Dada, bado huyo mwanaume anakukosesha raha?" Tryphena, mdogo wake, alimuuliza alipomkuta akila mayai na sukuma wiki matupu.

"Bado. Na nikimalizana naye hatanisahau hadi azikwe."

Kilo za kwanza zilitoka haraka, rinda likalegea. Kisha mizani ikakwama. Kumbe kila alipopanda Wundanyi kumwona mama yake alikuwa akila kimanga, akijiambia ni maharagwe tu. Mihogo iliyopondwa humo hakuihesabu. Akakiacha kimanga, mama akanuna. Mizani ikasogea kidogo, ikagoma tena, kwa maana mwili ulishazoea hicho kidogo unachopewa na kujifunza kubana matumizi. Wakesho naye akawa mkaidi kuliko mwili wake. Akaanza kutembea kila asubuhi kandokando ya reli, akirudi rinda limelowa jasho.

"Sasa uzito umefika pazuri," daktari alimwambia hatimaye, baada ya kumpima damu kwa mara nyingine. "Lakini mama, bado unaweza kubadilisha nia. Hakuna anayekulazimisha."

"Niache, daktari. Hii siku nimeingoja."

Akashona rinda jipya, jekundu, la kubana kiuno, akaenda kumtafuta Kiema.

Alimkuta kitandani wodini, miguu imevimba, uso umepauka. Mwende alikuwa amerudi kwao Njukini zamani, na katika wale ndugu waliocheka harusini, hakuna aliyekubali hata kupimwa. Kiema alimkodolea macho Wakesho kuanzia kichwani hadi miguuni.

"Umependeza, mama watoto," alisema kwa sauti ndogo. "Nisamehe."

"Sikusamehe." Nesi alimletea gauni la kijani la hospitali, Wakesho akabadilisha nyuma ya pazia, kisha akajilaza kwenye machela iliyokuwa kando ya kitanda cha mumewe. "Ulichoka kulala na gunia, Kiema. Kuanzia leo utalala na figo yake, ugeuke upande wowote."