Soketi Moja

Roboti iliganda katikati ya uwanja wa mashindano, mkono ukiwa umeinua mpira, taa yake ikafifia mpaka ikazimika. Nahodha wa timu akajua sababu papo hapo.

Karakana ya shule ilikuwa na soketi moja tu. Asubuhi alichomoa betri ya roboti achaji simu yake dakika tano, akasahau kuirudisha betri.

Mwalimu alikuwa ameshamgeukia Fundi Waya, binti aliyekabidhiwa betri. "Kazi yako ilikuwa moja, mwanangu. Kuanzia kesho usije karakana."

"Niliichomeka leo alfajiri, Mwalimu. Haki ya Mungu."

"Basi betri imejilia chaji yenyewe," akadakia mwendesha roboti, na wenzake wakacheka kicheko cha walioshindwa.

Fundi Waya alijifuta machozi kwa vidole vyenye makovu ya kulehemu nyaya. Akamsogelea Nahodha.

"Dada, naomba simu nimwambie mama ageuze. Yuko njiani anakuja kunitazama. Yako ina chaji?"

Nahodha aliitoa mfukoni. Kioo kiliwaka: asilimia tisini na nane.

"Imejaa," alijibu, lakini macho yake yalikuwa kwa Mwalimu.